Safi Faye na filamu zake ndefu tatu: je, hizo ni chache?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya sanaa za filamu na ninataka kuandika tasnifu juu ya Safi Faye wa Senegal. Msimamizi wangu hajakataa, ila anasitasita. Anasema mama huyu alitengeneza filamu ndefu tatu tu katika miaka zaidi ya ishirini, kwamba baada ya ile ya kwanza serikali yake ilimnyamazisha, na kwamba ile sifa ya kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuongoza filamu haina ukweli. Kwingine nimesoma kuwa aligunduliwa na mtengeneza filamu Mfaransa, Jean Rouch, na kwamba kazi zake ni utafiti wa kianthropolojia uliopigwa picha, si sinema hasa. Nimechanganyikiwa. Ni mwanzilishi kweli, au tunamkuza kwa sababu wanawake walikuwa wachache? Halafu nina swali la kwangu binafsi. Natamani siku moja nipige filamu kijijini kwa bibi yangu. Safi Faye alisomea ethnolojia, yaani elimu ya jamii za watu na tamaduni zao. Na mimi nianzie huko?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umeuliza kama Safi Faye anatosha kubeba tasnifu, na umeuliza usome nini. Lakini katikati ya maswali hayo mawili naona hofu ambayo hukuitaja: ikiwa mwanamke mwenye elimu ile na tuzo zile aliishia na filamu ndefu tatu, wewe utafika wapi? Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake limo ndani ya kazi yake mwenyewe. Ila tuanze na msimamizi wako, maana yuko sahihi katika jambo moja na amekosea katika mawili.

Yuko sahihi kuhusu "wa kwanza". Mwaka 1963, Thérèse Sita-Bella, mwandishi wa habari wa Kameruni, alitengeneza Tam-tam à Paris, filamu ya hali halisi ya kama nusu saa juu ya kundi la ngoma la nchi yake lilipozuru Paris. Mwaka 1972 Sarah Maldoror alitoa Sambizanga, filamu ndefu kuhusu vuguvugu la ukombozi wa Angola, ikashinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage, Tunisia, mwaka huohuo. Wapo wanaomweka Maldoror kando kwa kuwa alizaliwa Ufaransa na baba yake alitoka Guadeloupe. Mimi naona huo ni ubaguzi wa cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hakuna anayeweza kuandika historia ya sinema ya Afrika akairuka Sambizanga. Na ukipanda hadi Misri, utakuta wanawake kama Aziza Amir wakitayarisha filamu tangu miaka ya 1920.

Sasa Safi Faye anabaki na nini? Anabaki na hiki: Kaddu Beykat, ya mwaka 1975, ndiyo filamu ndefu ya kwanza iliyoongozwa na mwanamke kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara na kusambazwa kibiashara. Ni sentensi ndefu, na ukikata kipande chochote inakuwa uongo. Iandike yote katika utangulizi wako, mara moja, halafu iache. Wengi wanaomsifu kwa kuwa wa kwanza hawajaziona filamu zake, na ndiyo maana sifa hiyo inaangushwa kirahisi na mtu yeyote mwenye tarehe mbili mfukoni.

Kabla hujaona aibu kwamba mwaka 1975 ni wa kuchelewa mno, kumbuka jambo moja kuhusu makoloni ya Ufaransa. Mwaka 1934 ilitolewa amri, inayojulikana kwa jina la waziri Pierre Laval, iliyotaka kila anayepiga filamu katika makoloni ya Afrika apate kibali cha serikali. Ilitumika kuwazuia wakosoaji Wafaransa, na kwa Mwafrika aliyetaka kushika kamera nyumbani kwao ilikuwa ukuta mtupu. Ndiyo sababu mwongozaji Paulin Vieyra na wenzake walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliipigia Paris. Sembène Ousmane, mwongozaji wa Senegal, alitoa Borom Sarret mwaka 1963, miaka mitatu tu baada ya uhuru wa Senegal. Kutoka hapo hadi Kaddu Beykat ni miaka 12. Faye hakufika karamu ikiwa imekwisha. Alikuwa miongoni mwa wapishi.

Tuje kwa Rouch. Safi Faye alizaliwa Dakar tarehe 22 Novemba 1943, katika familia ya Waserer, moja ya makabila ya Senegal, yenye asili ya kijiji cha Fad'jal. Alisomea ualimu akafundisha shule za Dakar. Mwaka 1966 jiji hilo liliandaa Tamasha la kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi, na hapo ndipo alipokutana na Jean Rouch, Mfaransa mwanaethnolojia na mtengeneza filamu, ambaye baadaye alimpa nafasi ya kuigiza katika Petit à petit. Mwalimu huyu kijana akaenda Paris, akasoma ethnolojia katika École pratique des hautes études na utengenezaji wa filamu katika shule ya Louis Lumière. Mwaka 1972 akatoa filamu fupi, La Passante, ambamo yeye mwenyewe anatembea mitaani Paris huku macho ya wanaume wawili, Mwafrika na Mfaransa, yakimfuata, kila mmoja akimwota kwa namna yake.

Neno "aligunduliwa" halifai hapo. Rouch alimfungulia mlango, na shukrani kwa hilo ni halali. Pia kuna vitu vya ufundi ambavyo Faye alivichukua kutoka njia ile ya kazi: kamera nyepesi ya milimita 16, kikundi kidogo, watu wanaoigiza maisha yao wenyewe. Lakini jiulize kamera imesimama upande gani. Mwaka 1965 Sembène alimwambia Rouch ana kwa ana kwamba anawatazama Waafrika kana kwamba ni wadudu. Lawama hiyo huwezi kuielekeza kwa Kaddu Beykat. Aliyekaa mbele ya lenzi ni babu yake Faye, aliyefariki muda mfupi baada ya upigaji picha, na filamu imewekwa wakfu kwake. Sauti inayosimulia ni ya mjukuu, naye anasimulia kama mtu anayeandika barua kutoka nyumbani. Mtafiti angeandika ripoti. Yeye aliandika barua, na mwandikaji wa barua lazima asaini jina lake.

Hapo tayari nimegusa lile la "utafiti uliopigwa picha". Kaddu Beykat ina hadithi: Ngor anataka kumwoa Coumba, mvua imekuwa haba, mavuno ya karanga hayatoshi kulipia mahari, basi kijana anashuka Dakar kutafuta kazi na kukutana na yale ambayo jiji huwafanyia vijana wa shamba. Kuizunguka hadithi hiyo kuna kijiji kikifanya kazi zake, na wazee waliokaa chini ya mti wakizungumza kuhusu madeni, mbegu na kodi. Ukiuliza kama ni filamu ya kubuni au ya hali halisi, utakwama, na Faye mwenyewe hakuwa na haja na mpaka huo. Wanakijiji wanaigiza mapenzi ya Ngor na Coumba, lakini deni wanalolizungumza ni deni lao. Hicho ndicho kilichoipa filamu makali. Hicho pia ndicho kilichoiletea matatizo.

Yafaa uielewe karanga ili uelewe kwa nini filamu hii ya nyeusi na nyeupe, iliyogharimu kiasi cha dola 20,000 za Marekani, iliisumbua serikali. Tangu karne ya 19 Wafaransa waliisukuma Senegal kulima karanga kwa ajili ya viwanda vyao vya mafuta. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 zao lilibaki lilelile, ila mnunuzi sasa alikuwa shirika la serikali. Mkulima alipokea mbegu na vifaa kwa mkopo, akauza kwa bei asiyoipanga, deni likakatwa palepale. Mvua ikinyesha, mambo yanasogea. Kisha ukaja ukame wa Saheli, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ardhi iliyochoshwa na zao moja haikuwa na chakula cha kuwapa watu wake. Wakulima walianza kugoma kimyakimya kwa kurudi kwenye mtama. Sasa weka mbele ya hadhira, kwa Kiwolofu, wazee wanaoeleza hayo yote bila kupayuka. Rais wa nchi wakati huo, Léopold Sédar Senghor, naye alikuwa Mserer kama Faye, mzaliwa wa Joal. Filamu ilizuiwa Senegal. Nje ilipata tuzo ya Georges Sadoul nchini Ufaransa, na mwaka 1976 tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Berlin.

Hapa ndipo kosa la kwanza la msimamizi wako lilipo. Kuzuiwa ni kweli, kunyamazishwa si kweli. Miaka minne baadaye Faye alikuwa amerudi kijijini kwao, akapiga Fad'jal, na mwaka 1979 filamu hiyo ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwenye kitengo cha Un Certain Regard. Mwaka huohuo alikamilisha udaktari wake wa ethnolojia katika Chuo Kikuu cha Paris VII. Mtu aliyenyamazishwa hafanyi hivyo.

Kama utaitazama moja tu wiki hii, itazame Fad'jal. Inaanza darasani, watoto wakikariri habari za Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Kisha inatoka nje, kwa watoto wengine waliomzunguka mzee chini ya mti, wakisimuliwa jinsi kijiji chao kilivyoanzishwa na mwanamke aliyeitwa Mbang Fadial. Faye hatamki neno la kulaumu shule. Anakata tu kutoka picha moja kwenda nyingine, na wewe mtazamaji unabaki na kazi ya kufikiri. Chini ya masimulizi hayo kuna jambo la kisheria lenye uzito: sheria ya mwaka 1964 iliyoiweka sehemu kubwa ya ardhi ya Senegal chini ya dola kama ardhi ya taifa. Kumbukumbu ya nani alianza kulima wapi, inayohifadhiwa na wazee kwa mdomo, ghafla haikuwa ushahidi mbele ya ofisi. Mzee anaposimulia historia katika filamu hii anaburudisha watoto, na wakati huohuo anatetea shamba. Ungependa kuiita anthropolojia? Iite. Lakini ni anthropolojia inayojua mahali pa kuweka kamera na wakati wa kukata, na hizo ndizo kazi mbili za mwongozaji.

Kosa la pili la msimamizi wako ni hesabu, na hapo nitakaa kidogo.

Akisema tatu, anahesabu Kaddu Beykat ya 1975, Fad'jal ya 1979 na Mossane ya 1996, halafu anaona shimo la miaka 17 katikati. Lakini shimo hilo limejaa kazi. Kuna Goob na nu, kuhusu mavuno. Faye aliishi Berlin kwa muda, akajifunza utengenezaji wa video, na huko akatengeneza Man Sa Yay kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani Magharibi, juu ya mwanafunzi wa Kisenegali aliye mbali na nyumbani na barua anazopokea kutoka kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitengeneza Selbe et tant d'autres, kuhusu mama wa kijijini anayehangaika kulea watoto wengi huku mume ameenda mjini kutafuta kazi. Mwaka 1984 alitoa Ambassades nourricières, juu ya migahawa ya wageni mjini Paris. Zipo na nyingine. Nyingi ni fupi au za wastani, nyingi zililipiwa na televisheni na mashirika ya kimataifa, na karibu zote hazikupita katika majumba ya sinema. Wanaohesabu filamu ndefu peke yake huzitupa bila kujua wanatupa nini. Mimi nikiulizwa, Selbe ina nguvu zaidi ya filamu nyingi za saa mbili juu ya wanawake wa vijijini.

Kwa nini basi filamu ndefu zilikuwa nadra? Fuata fedha, kisha fuata mkanda. Katika nchi zilizokuwa makoloni ya Ufaransa, usambazaji ulishikwa kwa miaka mingi na makampuni mawili, COMACICO na SECMA, ambayo yaliona faida zaidi kuleta filamu za Marekani, Ufaransa na India kwa bei ya jumla kuliko kuhangaika na ya mwongozaji wa Dakar. Tiketi za nyumbani hazikuweza kulipia filamu inayofuata. Mfadhili mkubwa aliyebaki alikuwa Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, iliyoanza kusaidia sinema ya Afrika kwa mpango maalumu mwaka 1963, na ndiyo iliyosaidia Kaddu Beykat. Msaada huo ulikuwa halisi na sitaubeza. Bila huo filamu nyingi tunazozienzi zisingekuwepo. Lakini mara nyingi ulikuja kwa kununua haki za maonyesho yasiyo ya biashara, au kwa kulipia kazi za maabara na uhariri Paris. Matokeo yake, filamu iliyopigwa kijijini Senegal huonyeshwa katika vituo vya utamaduni vya Ufaransa, mkanda wake ukiwa umelala Paris, na waliopigwa picha hawajui lini wataiona.

Ongeza kwamba kila filamu ilianza sifuri. Mwongozaji wa Ufaransa aliyefika Cannes mwaka 1979 angerudi nyumbani akakuta watayarishaji, benki na vituo vya televisheni vinavyojua namna ya kumkopesha. Faye alirudi na heshima, na heshima hailipii maabara. Waongozaji wanaume wa Afrika waliumizwa na mfumo huo pia. Sembène mwenyewe alikaa zaidi ya miaka kumi bila kutoa filamu baada ya Ceddo ya 1977. Kwa hiyo usiandike kana kwamba pengo lile ni la mwanamke peke yake. Andika kwamba njia ilikuwa nyembamba kwa wote, na yeye aliipita akiwa pia mama anayelea, mjini ambako hakuzaliwa.

Kisa cha Mossane kinaonyesha mfumo huo ukiwa umevuliwa nguo. Ni hadithi aliyoibuni mwenyewe, ya msichana wa miaka 14 mwenye uzuri unaokitikisa kijiji. Ameahidiwa kwa Diogoye, kijana aliyehamia Ufaransa na anayetuma fedha. Moyo wake uko kwa Fara, mwanafunzi maskini. Siku ya harusi anakataa. Pangool, mizimu ya Waserer, nao wanadai chao. Mpigapicha alikuwa Jürgen Jürges, Mjerumani aliyefanya kazi na mwongozaji Fassbinder, na sauti ya Yandé Codou Sène, mwimbaji mkubwa wa Kiserer, inapita ndani ya filamu kama upepo wa pwani. Ilipigwa mwaka 1990. Ilionyeshwa Cannes mwaka 1996. Miaka sita katikati haikuliwa na uvivu wala uhaba wa mawazo. Ililiwa na mzozo wa kisheria kati yake na mtayarishaji juu ya haki za filamu. Kazi ilikuwa imekwisha kupigwa, waigizaji walikuwa wamerudi nyumbani na kukua, na mwongozaji hakuweza kuigusa.

Hata hivyo nikupe na upande wa pili, maana tasnifu isiyo na upande wa pili ni risala ya harusi. Kupiga kwa nadra kuna gharama kwenye ufundi. Mossane ni nzuri sana kuitazama, lakini kwangu mimi haina ujasiri wa Fad'jal. Picha zake zimepambwa, hadithi imenyooka, na ule mchanganyiko wa maigizo na maisha uliokuwa silaha yake umepungua. Huenda ndivyo alivyotaka, kwa kuwa alikuwa anatafuta hadithi ya mapenzi na kifo inayoweza kueleweka popote. Wewe itazame uhukumu. Pia, kuishi kwake Paris kulimpa maabara na marafiki wa kazi, lakini kulimfanya afike Fad'jal kama mjukuu anayekuja na kuondoka. Hilo liko ndani ya filamu zenyewe ukitazama kwa makini nani anazungumza na nani, na mhakiki mwaminifu hawezi kulifumbia macho.

Basi tuje kwako. Usome ethnolojia kwanza? Kwa Safi Faye ilifanya kazi kwa sababu ilimfundisha kuuliza swali kisha akae kimya mzee amalize. Ilimpa pia sababu ya kurudi kijijini na muda wa kukaa huko, jambo ambalo bajeti ya filamu haimpi mtu. Lakini usidhani shahada ndiyo iliyofungua midomo ya wazee. Walimfungulia kwa kuwa walimjua babu yake. Wewe una bibi, na hicho ni kitu ambacho chuo hakina. Mimi ningekushauri umalize filamu, usome maandishi ya wanaethnolojia pembeni, na ufanye jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulidharau: jifunze kurekodi sauti vizuri. Picha mbovu mtazamaji ataivumilia. Bibi anayezungumza bila kusikika amepotea. Miaka ile kilichokuwa ghali ni mkanda, kila dakika ilikuwa fedha. Leo dakika ni za bure, kwa hiyo hatari yako ni kinyume: utarudi na saa nyingi za picha usizoweza kuzihariri. Enda na maswali machache.

Kuwa ndugu nako kuna mzigo. Mtafiti mgeni akimaliza anaaga. Mjukuu haagi, ataulizwa mwaka hadi mwaka kwa nini shangazi fulani alionekana akilia na fulani hakuonekana kabisa. Zungumza nao kabla, waeleze filamu itaonyeshwa wapi, na uwaonyeshe wao kwanza. Kaddu Beykat ilionwa Berlin huku ikiwa imezuiwa nyumbani Senegal. Usiyatafute mazingira hayo kwa uzembe.

Kuna mambo mawili ambayo jibu la kuandikwa kama hili haliwezi kukusaidia, na hapo nenda kwa mtu ana kwa ana. La kwanza ni mkataba. Siku mtu yeyote atakapokuletea karatasi ya kutia saini kwa ajili ya fedha, hata kama ni rafiki, mpelekee wakili anayejua hakimiliki kabla hujatia kalamu, na umuulize haya: nani anamiliki picha asilia na zinahifadhiwa wapi? Nani mwenye neno la mwisho kwenye uhariri? Mtayarishaji akifilisika au mkigombana, haki zinarudi kwa nani na baada ya muda gani? Maswali hayo yanachosha, na mwenye fedha anaweza kukuona mkorofi. Yaulize hivyohivyo. Filamu inaweza kukaa miaka sita kabatini kwa sababu ya kifungu kimoja. Na kama tayari umetia saini kitu usichokielewa, usingoje mzozo uanze. Nenda sasa.

La pili ni filamu zenyewe. Usiandike tasnifu kutokana na vipande vya intaneti vyenye ukungu. Fad'jal ilikarabatiwa na kuonyeshwa tena Cannes mwaka 2018, katika kitengo cha filamu za zamani, Faye akiwa hai bado. Alifariki Paris tarehe 22 Februari 2023. Cinémathèque Afrique, iliyo chini ya Institut français mjini Paris, inahifadhi mkusanyiko mkubwa wa sinema ya bara letu, na maktaba ya chuo chako inaweza kuwaandikia kuuliza nakala za kutazamwa na watafiti. Ukishazipata, tafuta msemaji wa Kiserer, na wa Kiwolofu kwa ajili ya Kaddu Beykat, mkae pamoja mtazame. Maandishi ya tafsiri chini ya skrini hufupisha, na wazee chini ya mti hawafupishi kitu. Sentensi moja ya Kifaransa huenda imebeba methali, utani wa ukoo na tusi la heshima kwa wakati mmoja.

Kuhusu msimamizi wako, usibishane naye kama Faye ni mkubwa au mdogo. Mrudie na mada iliyopunguzwa: miaka 1979 hadi 1996 peke yake, filamu baada ya filamu, kila moja ikiwa na safu ya nani aliilipia, ilipigwa kwa muundo gani, ilionyeshwa wapi na haki zake zilishikwa na nani. Ni kazi ya kuchosha inayohitaji nyaraka, nayo itakuwa na faida kwa watakaokuja baada yako. Akikuambia nyenzo zitakuwa ngumu kupatikana, mkubalie, kisha muombe barua ya utambulisho ya kupeleka Paris. Mwombe aiandike mapema, kwa sababu majibu ya hifadhi za filamu huchukua muda na muhula wa mwisho haukungoji.